Kiti Kisicho na Mikono

Cloonavarna, Clare
Jumapili, 19 Novemba 1978

Malachy,

Huku wazima wote isipokuwa paa la Murty, ambalo upepo umelibeba nusu na kulitupa kwenye shamba la jirani. Fidla yake ilipona kwa sababu alikuwa amelala nayo kitandani. Hayo ni maneno yake mwenyewe, wala hakuna aliyemuuliza zaidi.

Nakuandikia nikiwa kwenye baa ya Concepta Marrinan. Kikao chetu cha muziki kimeisha, imegonga saa nane mchana na ametufungia mlango kama sheria ya Jumapili inavyotaka, ila mimi kaniruhusu nimalize karatasi. Tulikuwa watano leo. Tulipiga nyimbo za dansi, rili tisa na jigi sita, Murty akaharakisha zote, nami nikamfuata nikivuta na kubana konsetina yangu, nikitukana kimoyomoyo.

Nina kesi ya kukusimulia. Concepta amenunua viti vipya kumi na viwili, vyekundu, vyote vina mikono. Vya zamani aliviburura uani avipasue kuni. Nilipofika alikuwa amekwisha kupasua viwili na ameshika shoka juu ya cha tatu, na hicho cha tatu ni chako, kile cha pembeni mwa jiko la makaa.

"Concepta! Hicho cha mpiga zumari!"

"Mpiga zumari yupi? Huyo aliyeko ng'ambo, Coventry?"

"Atakaaje kwenye kiti chenye mikono? Kiwiko chake kitapita wapi?"

"Akija akae juu ya meza. Ondoka hapo nisije nikakupasua na wewe."

Mwanamke ameuza bia miaka thelathini mbele ya wapiga zumari, na bado hajui kwamba zumari yetu haipulizwi kwa mdomo, na kiwiko kinachosukuma mvukuto wake hakitaki kugonga mbao. Nilikikalia kile kiti pale pale uani, kwenye mvua, mpaka akachoka. Sasa kimerudi mahali pake. Naweka koti langu juu yake kila Jumapili ili wageni wasikikalie.

Januari itatimia miaka miwili tangu tumzike Baba. Nilipokukabidhi zumari yake pale jikoni kwetu, nilikupa na sharti lake: isinyamaze. Hakusema isipotee, hakusema isiibwe. Alisema isinyamaze. Wewe ulikuwa mwanafunzi wake tangu una miaka kumi na mmoja, kwa hiyo sikuona haja ya kukwambia mara mbili. Na bado namsikia akikufokea: "We Malachy! Mabomba matatu yamelala pajani mwako kama mbwa mbele ya moto. Yaamshe!" Hukuyaamsha hata siku moja. Vidole vyako vilikuwa vya kasi, ukaona vinatosha.

Utakuja Krismasi? Mwaka huu hukuja hata Agosti. Nimekukosa, na sisemi hivyo kwa sababu ya zumari tu.

Attracta Hehir


Coventry
3 Desemba 1978

Attracta,

Usishtuke kuona herufi za mashine. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa karani zamani, ana taipureta, ananifundisha. Anasema mtu mwenye ujuzi hakosi kazi. Bado ninakosea, kwa hiyo barua itakuwa fupi.

Ahsante kwa kukalia kiti changu kwenye mvua.

Krismasi sitaweza. Kiwandani wametupa zamu za ziada na aliyekataa mwaka jana hakusahauliwa. Mwambie Murty pole kwa paa.

Zumari ipo salama. Kila Jumapili saa sita na nusu, wakati ule ule mnaoanza ninyi, naitoa kwenye sanduku, najifunga mvukuto, najaza mfuko. Majirani wa chini wamezoea. Haijanyamaza Jumapili hata moja.

Kiti kiache wazi kama unaweza.

MALACHY TALTY


Cloonavarna
Jumapili, 7 Januari 1979

Malachy,

Heri ya mwaka mpya. Hata jina lako umelipiga kwa mashine! Barua ilikuja kama ya benki. Nilifungua nikidhani wananifukuza nyumbani.

Nina jambo ambalo nusu yake nililificha kwenye barua iliyopita, nami sijui kuficha, linaniwasha. Kiti chako kimekaliwa.

Ilikuwa jana, Noeli ya Wanawake. Unajua siku hiyo: sisi hatupiki, wanaume wanaosha vyombo na kuvivunja, nasi tumejaa kwa Concepta mchana kutwa. Akaingia msichana mrefu na sanduku mkononi. Si msichana, ana miaka ishirini na saba, anaitwa Dympna Killeen, anapanga barua posta ya mjini. Kabla sijafungua mdomo amelitoa koti langu, amelikunja vizuri, amelipakata, na amekaa. Nikamuuliza, "Unajua hicho ni kiti cha nani?"

Akasema, "Sijui, dada, lakini ndicho pekee kisicho na mikono."

Nikatazama sanduku lake, nikaelewa. Ana zumari ya kujifunzia, ya kuazima: mfuko, mvukuto na ile filimbi ya vidole tu. Haina mivumo, yale mabomba ya kuvuma sauti moja, wala haina mabomba ya pajani ya kuitikia wimbo. Lakini anapiga, Malachy. Anapiga taratibu na anajua pa kunyamaza. Kwa kweli amekuwa akija tangu Oktoba, anasimama mlangoni anasikiliza, na nilijua ana zumari, nami nikajifanya sijui. Hapo ndipo nilipokuficha.

Shida yake ni ulimi wa mwanzi wa filimbi. Ukifika noti za juu unalia kama mlango. Amejaribu kuukwangua na unazidi kuharibika. Huku hakuna tena wa kumuuliza tangu Baba aondoke. Afanyeje?

Attracta


Coventry
21 Januari 1979

Attracta,

Mwambie asikwangue. Kwenye ulimi kuna kifungo cha waya. Akisogeze kidogo sana kuelekea chini, kiasi cha unene wa ukucha, kisha auache siku nzima kabla ya kuujaribu. Na asiuweke karibu na jiko. Kiti chenyewe kiko karibu mno na jiko. Mzee wako alikuwa akikisogeza hatua mbili kila baridi, naona mmesahau.

Kumbe amekuwepo tangu Oktoba. Nilikuomba kitu kimoja, kiti kiwe wazi. Sasa naona nilivyokuwa mjinga. Yeye ana zumari isiyo kamili, mimi ninayo kamili, naye amekalia kiti changu. Kama mnaitaka zumari ya Mzee kwa ajili yake, semeni waziwazi, msinizungukie na habari za ulimi.

MALACHY TALTY


Cloonavarna
Jumapili, 11 Februari 1979

Malachy Talty,

Ulimi umepona. Dympna anasema ahsante. Mimi sisemi.

Hakuna aliyekuzunguka. Lakini kwa kuwa umeanza wewe, na mimi niseme langu. Flan, kaka yake Concepta, yule dereva wa lori, alikuwa Coventry wiki mbili zilizopita. Alipita kwenye klabu yenu ya Waairishi siku ya kikao, akauliza habari zako. Wakamwambia hawajakuona na zumari tangu Septemba. Tangu Septemba, Malachy! Na wewe unaniandikia haijanyamaza Jumapili hata moja.

Nimelala na neno hilo siku kumi. Namkumbuka yule daktari wa meno kutoka Boston aliyekuja mazishini, hata udongo haujakauka akawa anaishika zumari ya Baba kana kwamba inauzwa. Alichukua anwani yako. Niliona. Umemuuzia?

Kama umemuuzia, sema, nilie mara moja nimalize. Kama bado unayo na unaipiga, nithibitishie. Niandikie wimbo. Usiwe wa zamani ninaoujua. Wewe ulikuwa huwezi kukaa miezi mitatu bila kutunga kitu, na ulikuwa unatunga ukiwa na zumari mkononi, vinginevyo huwezi. Nitaupiga mwenyewe kwenye konsetina, nami nitajua kama umetoka kwenye zumari au umetoka kichwani.

Fanya haraka. Dympna anasema posta watagoma wiki ijayo, na yeye yumo.

Attracta Hehir


Coventry
18 Machi 1979

Attracta,

Mgomo umenikuta barua yako nimeipata lakini jibu halina njia. Flan amepita tena na lori, kwa hiyo hii anakuletea mkononi.

Sijauza. Nisingeuza. Umeniumiza kwa kuuliza, ingawa naona kwa nini umeuliza.

Nyuma ya karatasi kuna wimbo, kila noti kwa herufi yake, kama Mzee alivyotufundisha. Ni jigi. Nimeutunga na zumari mkononi, sijaukopa popote. Ni sehemu ya kwanza tu. Najua wimbo huwa na sehemu mbili. Ya pili haijaja. Nitaituma ikija.

Hauna jina. Msiutie jina.

Klabuni siendi kwa sababu moshi wa sigara unaharibu ngozi ya mfuko.

MALACHY TALTY


Cloonavarna
Jumapili, 22 Aprili 1979

Malachy,

Flan anaondoka kesho alfajiri na injini yake haimsubiri mtu, basi naandika haraka, na mambo ni mengi.

Niliupiga wimbo wako peke yangu jikoni Jumatatu ya Pasaka. Ni mzuri. Niliogopa nitausikia ukinidanganya, lakini umetoka kwenye zumari, hilo sina shaka nalo. Naomba radhi kuhusu daktari wa meno. Nimeomba radhi mara moja, usinitake nirudie.

Leo niliupeleka kikaoni. Murty aliushika upesi akasema ni wimbo wa ajabu, unazunguka ghorofani, haushuki ngazi. Tukacheka. Dympna alikuwa anafuata kwa vidole bila kusukuma mvukuto, kama anavyofanya akijifunza. Mara ya tatu akasimama kabisa.

"Dada Attracta, mtu huyu anapiga kwa mkono gani?"

"Kwa mikono yake yote miwili kama watu wengine," nikamwambia. "Unauliza nini?"

"Basi mkono wa kulia unafanya nini? Tazama."

Akaacha kiwiko chake cha kulia kisukume mvukuto, akainua kiganja wazi kama anaapa mahakamani, akaegemeza filimbi gotini, na kwa mkono wa kushoto peke yake akaupiga wimbo wako wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakukosa noti hata moja. Matundu ya juu ni ya kushoto na ya chini ni ya kulia, hayo huhitaji kuambiwa, na kwenye wimbo wako hakuna noti hata moja ya matundu ya chini. Concepta alisimama na kitambaa mkononi.

Nikaanza kuhesabu. Taipureta. Jina lililopigwa kwa mashine. Klabuni hujaonekana tangu Septemba. Nikamuuliza Flan, mbele ya watu wote, alipokuchukulia barua ulionekanaje. Akasema, "Alinipa mlangoni, mkono mmoja mfukoni. Hakunikaribisha hata chai. Nikajua bado ana hasira na dada yangu kwa ajili ya kiti."

Malachy, mkono wako wa kulia una nini?

Attracta


Coventry
6 Mei 1979

Attracta,

Hii ni hati yangu ya mkono wa kushoto. Inafanana na ya mtoto wa darasa la kwanza, lakini nimechoka na mashine.

Ilikuwa tarehe kumi na nne Septemba, zamu ya asubuhi. Mashine ya kukata bati. Kidole cha shahada na cha kati vimeondoka. Cha pete kimebaki lakini hakikunjiki. Cha mwisho kizima, gumba zima. Halikuwa kosa la mtu, nilikuwa namwambia mwenzangu kitu, nikageuka. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa namwambia nini, na sikumbuki.

Hospitalini walinitibu vizuri. Kiwandani wamenipa kazi ya kuhesabu maboksi. Hivyo ndivyo nilivyo.

Sikukwambia kwa sababu ulisema isinyamaze. Nilidhani nikikwambia, utakuja kuichukua, nawe utakuwa na haki, na mimi sitakuwa na kitu chochote cha nyumbani humu chumbani. Ndiyo sababu yote. Si heshima wala si kiburi, niliogopa tu.

Wala sikukudanganya kuhusu Jumapili. Nilikuwa naitoa, najifunga mvukuto, viwiko vyangu ni vizima. Najaza mfuko nafungua mivumo peke yake. Inavuma ile sauti moja, nzito, saa moja na nusu. Nakaa nayo. Saa nane naifunga sandukuni. Majirani wa chini walidhani ni friji. Februari barua yako ilipokuja ndipo nikajaribu mkono wa kushoto kwenye filimbi, na wimbo ule ukatoka. Sehemu ya pili haitakuja, Attracta. Sehemu ya pili ya wimbo huu inataka kushuka, nami siwezi kushuka.

Huyo Dympna ana masikio. Sikujua mtu anaweza kunisoma hivyo bila kuniona, tena mtu ambaye nilimsema vibaya. Mzee angempenda. Mpeni zumari. Flan aichukue safari ijayo, nimeshaifunga. Mwambie mfuko unataka mafuta kila mwezi na mvumo mkubwa huwa na kiburi asubuhi.

Naomba tu usije wewe mwenyewe kuichukua. Sitaki unione nikiikabidhi.

Malachy


Cloonavarna
Jumapili, 1 Julai 1979

Malachy,

Mgomo umekwisha. Hii ni barua ya kwanza kupokelewa kwenye kaunta ya mjini, na Dympna atakuwa ameigonga muhuri mwenyewe, kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Karibu wiki nane nimekaa na barua yako, aliyoniletea Flan, mkobani bila kukujibu. Flan angeweza kubeba jibu, lakini nilimkataza, na pia nilimkataza asipite kwako kuchukua chochote. Nilikuwa bado sina la kusema isipokuwa kulia, na kulia sikutaka kukutumia kwa lori.

Nimelia. Sasa nasema.

Nilimpa Dympna barua yako aisome, kwa kuwa uliandika habari zake. Aliisoma mara mbili, akairudisha. Akasema, "Siitaki."

"Umepagawa? Unapewa zumari ya Senan Hehir!"

"Ina mwenyewe. Halafu dada, hakuandika kidole cha mwisho ni kizima?"

"Kaandika."

"Na kiganja? Huu ukingo wa kiganja, hapa, juu ya kifundo?"

Nikasema hajaandika kiganja kina ubaya wowote. Akanitazama kama ninavyowatazama watalii. "Basi mabomba ya pajani anapigia nini?"

Malachy, nilikaa. Miaka hamsini na tatu nimeishi duniani, miaka arobaini na moja nyumba moja na baba yangu, na ilibidi mpanga barua anikumbushe. Yale mabomba matatu ya pajani hayapigwi kwa vidole. Hayajawahi kupigwa kwa vidole. Baba aliyagonga kwa ukingo wa kiganja huku vidole viko kwenye kazi nyingine, na kila Jumapili alikufokea uyaamshe, nawe ukajitia huna nafasi kwa sababu vidole vyako vilikuwa vinakimbia. Sasa una nafasi. Ukingo wa kiganja ndio uliobakiwa nao. Sijui kama nicheke au nikupige.

Tumelipanga hivi. Sehemu ya kwanza ya wimbo ni yako, mkono wa kushoto. Sehemu ya pili nimeitunga mimi, inashuka mpaka chini kabisa, ataipiga Dympna kwenye filimbi yake ya kuazima. Wakati yeye anapiga, wewe unafungua mivumo na kumgongea mabomba ya pajani chini ya wimbo wake. Kisha yeye ananyamaza na unarudi wewe juu. Tumejaribu bila wewe, Murty akiigiza mivumo kwa mdomo. Ilikuwa aibu tupu lakini inafaa.

Ni kiti tu kilichokuwa tatizo, maana wapiga zumari wawili na kiti ni kimoja. Nilimwambia Concepta. Akaenda uani, akarudi na msumeno, akachukua kimoja kati ya vile viti vyekundu vya fedha yake mwenyewe, akakiinamisha mbele ya wateja, akakata mkono wa kwanza, akakata wa pili. Kitambaa kimechanika na misumari imechungulia. Akakisukuma kwa mguu hadi pembeni mwa jiko, hatua mbili mbali, kama ulivyosema.

"Haya," akasema. "Mwandikie huyo bwana aje. Na mwambie sikati kingine."

Wala Baba hakusema zumari ipigwe na mtu mwenye vidole kumi. Alisema isinyamaze. Njoo Agosti.

Attracta


Coventry
19 Agosti 1979

Attracta,

Nimefika salama. Meli ilichelewa, nikalala kwenye benchi, na kiganja kinaniuma upande wa kifundo kwa ajili ya Jumapili mbili za kugonga. Mzee aliwezaje miaka yote ile?

Sikuweza kusema vizuri siku ya kuondoka, kwa hiyo naandika. Nilipoingia mlangoni niliutoa mkono mfukoni kwa sababu nilikuwa nimebeba sanduku, na hakuna aliyeutazama. Baadaye Murty akautazama sana, akauliza kama sasa nitalipa nusu ya bia. Hapo ndipo nilipojua nimefika nyumbani. Na Dympna alipoanza kushuka kwenye sehemu yako ya pili nami nikaweka kiganja juu ya yale mabomba, nilisikia mabomba ya Mzee yakiamka chini ya wimbo, na nilikuwa nalia, ukaona, ukajitia unatafuta miwani yako. Ahsante kwa hilo.

Utakuwa umekuta zumari kwenye kabati la jikoni kwenu. Sikuisahau. Nimeiacha kwa makusudi. Dympna aifungue kila Jumapili mpaka nirudi, ajizoeze mivumo. Nimemwambia mama mwenye nyumba kwamba chumba nitakiacha mwisho wa Oktoba, na kiwandani nimewaandikia kwa mkono wa kushoto. Sijui nitafanya kazi gani huko. Murty anasema ng'ombe wake hawahesabu vidole.

Walioniuliza jina la wimbo pale baa niliwaambia hauna. Sasa unalo, ni la kiti: Kiti Kisicho na Mikono.

Kile cha pembeni mwa jiko, cha Mzee, nilichong'ang'ania ukiweke wazi, usikiweke wazi tena. Kimpe Dympna. Mimi nitakaa hicho kilichokatwa.

Malachy